Misafara ya Jangwani na Haki ya Mpita Njia

Mkaazi wa Momela hahitaji mwalimu wa kumfundisha ya kuwa maji yana namna mbili, maji ya kutazamwa na maji ya kunywewa. Maziwa yaliyotapakaa chini ya Mlima Meru, yenye heroe wa rangi ya waridi na mandhari ambayo wageni huvuka bahari kuja kuyaona, yamekolea magadi hata hayamfai mwenye kiu. Na vijito vinavyoteremka mlimani, ambavyo ndivyo uhai wa mashamba, wa mifugo na wa watu, navyo katika upande wetu huu vimebeba floridi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia na kuipinda mifupa ya watoto. Atokaye hapa akashika njia ya Ngarenanyuki na kuendelea kaskazini huuacha ubichi wa mlima mgongoni mwake, na haendi mwendo mrefu kabla ya kujikuta katika nyika ya vumbi na miiba inayoenea kuelekea Longido na Namanga, ambako kisima kimoja hutegemewa na roho zisizohesabika. Mtu aliyelelewa kati ya mlima na nyika ya namna hiyo, akisoma tarikhi ya dola kubwa za Kiafrika zilizostawi kandokando ya jangwa la Sahara katika zama za kati, huisoma kwa jicho jingine, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kuthubutu kuandika.

Tarikhi ile husimuliwa aghalabu kwa dhahabu. Hutajwa Mansa Musa wa Mali, aliyekwenda kuhiji Makka mwaka 1324 na kupita Misri kwa msafara mkubwa, akatoa sadaka na zawadi nyingi kiasi cha kuishusha thamani ya dhahabu katika masoko ya Kairo, hata mwandishi al-Umari alipofika katika mji huo yapata miaka 12 baadaye akakuta watu wangali wakilizungumza jambo lile na bei ya dhahabu haijarudi mahali pake. Kisa hiki ni cha kweli, kinapendeza, na kila kijana wa Kiafrika anastahili kukijua. Lakini kimetuzoesha kudhani ya kuwa dola hukaa kwa sababu ya kitu cha thamani kilichomo ardhini mwake, nami nashikilia rai nyingine: kwamba dola zile zilisimama kwa kuwatunza wapita njia, yaani kwa kuhakikisha ya kuwa mgeni amepata maji, amejua mapema ushuru atakaotozwa, na akidhulumiwa anaye kadhi wa kumsikiliza hata kama aliyemdhulumu ni mtumishi wa mfalme, na siku yalipokosekana hayo, dhahabu ilibaki ardhini ilhali dola ilitoweka.

Tuanze na Ghana ya kale, ambayo haikuwa mahali pa Ghana ya leo bali kaskazini zaidi, katika mipaka ya Mali na Moritania za sasa. Wafalme wake hawakumiliki machimbo ya chumvi, yaliyokuwa mbali jangwani, na dhahabu nyingi iliyopita mikononi mwao ilitoka kwa watu wengine upande wa kusini. Wao walikaa katikati, mahali ambapo ngamia wa jangwani aliukabidhi mzigo wake kwa punda na kwa kichwa cha mwanadamu. Al-Bakri, mwanachuoni wa Andalusia ambaye hakuwahi kulivuka jangwa lile bali aliwahoji waliolivuka, aliandika mwaka 1068 ya kuwa mfalme wa Ghana alitoza dinari 1 ya dhahabu kwa kila punda aliyeingia nchini na mzigo wa chumvi, na dinari 2 kwa mzigo wa chumvi uliotoka. Kwa mzigo wa shaba alitoza mithqali 5 (mithqali ni kipimo cha uzito wa dhahabu), na kwa mzigo wa bidhaa nyingine mithqali 10. Jambo linalonivutia katika hesabu hizo ni kule kujulikana kwake. Ikiwa msomi aliyekaa Cordoba, ng'ambo ya jangwa na ya bahari, aliweza kuandika kiasi cha ushuru wa Ghana pasipo kutoka mjini kwake, basi mfanyabiashara wa Sijilmasa, kusini mwa Moroko, alikijua kabla ya kumpakia ngamia wake, akapiga hesabu ya faida na hasara angali kwao, akaondoka kwa moyo uliotulia.

Na safari yenyewe ilikuwaje? Aliyetuachia maelezo bora ni Ibn Battuta wa Tanja, aliyeondoka Sijilmasa mwaka 1352 pamoja na msafara wa wafanyabiashara, na baada ya siku 25 akafika Taghaza, kijiji kisicho na mti hata mmoja, ambacho nyumba zake na msikiti wake vilijengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Waliokaa pale walikuwa watumwa wa Massufa, kabila la jangwani, wakiichimba chumvi ile na kuishi kwa tende zilizoletwa kutoka kaskazini, nyama ya ngamia, na nafaka iliyotoka kusini, na maji yao yalikuwa ya chumvichumvi. Habari hiyo haistahili kupitwa kimya, kwa maana dhahabu iliyolipamba baraza la mfalme ilinunuliwa kwanza kwa jasho la watu wasiolipwa, na mtu asifuye dola yoyote bila ya kuwataja walioibeba hajamaliza kusema kweli. Mzigo wa ngamia mmoja wa chumvi ile uliuzwa mjini Walata, ng'ambo ya jangwa, kwa mithqali 8 hadi 10 za dhahabu, na ukifika mji mkuu wa Mali uliuzwa kwa mithqali 20 hadi 30, na pengine hata 40. Riziki ya dola ilitoka katika tofauti hiyo ya bei, na tofauti hiyo ilizaliwa na umbali na kiu.

Baina ya Taghaza na Walata palikuwa na jangwa ambalo msafara haukuweza kulimaliza kwa maji uliyoyabeba wenyewe. Kwa hiyo wafanyabiashara walimkodi mtu mmoja wa Massufa, aliyeitwa takshif, ambaye alitangulia peke yake hadi Walata akiwa na barua zao kwa rafiki zao waliokaa huko, ili wawatafutie nyumba na watoke kuwalaki jangwani mwendo wa siku nne wakiwa wamebeba maji. Msafara wa Ibn Battuta ulimlipa mtu huyo mithqali 100, yaani thamani ya mizigo 10 na zaidi ya chumvi kwa bei ya Walata, na hakuna aliyeona ya kuwa ni ghali, kwa sababu endapo takshif aliangamia njiani watu wa Walata hawakupata habari ya msafara, na waliomo wakafa wote au wengi wao. Fikiri, msomaji, juu ya mpango huo: mtu mmoja aijuaye njia, barua chache, na watu wa mji wa mbali walio tayari kutoka na viriba vya maji kuwaendea wageni ambao baadhi yao hawajapata kuwaona. Bila ya amana ya namna hiyo dhahabu yote ya Mali isingaliweza kununua hata bamba moja la chumvi.

Ibn Battuta hakuwa mgeni mwepesi wa kusifu. Aliichukia zawadi ya kwanza aliyopelekewa na Mansa Suleiman, ndugu yake Mansa Musa, ambayo ilikuwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando, na hakuficha chuki yake. Kwa hiyo pale anaposifu, sifa zake zina uzito. Alishuhudia ya kuwa watu wa Mali walikuwa mbali mno na dhuluma na sultani wao hakumsamehe yeyote aliyeitenda; ya kuwa nchi nzima ilikuwa na amani, hata msafiri wala mkaazi hakumwogopa mnyang'anyi; na ya kuwa mgeni kutoka nchi za Waarabu akifia huko, mali yake haikuguswa hata ingekuwa nyingi namna gani, bali iliwekwa kwa mtu mwaminifu mpaka mwenye haki ya kuirithi atokee. Wafalme wangapi wa zama zile, katika Ulaya au Asia, waliweza kumwahidi mfanyabiashara mgeni ya kuwa akifa mali yake itawafikia watoto wake?

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote ni kile cha Ijumaa moja msikitini. Mfanyabiashara mmoja wa Massufa, jina lake Abu Hafs, alisimama baada ya sala akawashuhudisha waumini kwamba anamshitaki Mansa Suleiman mbele ya Mtume. Watu walipotoka katika sehemu ya mfalme msikitini kumwuliza amedhulumiwa na nani, alijibu kuwa mwangalizi wa mji wa Walata, mtumishi wa mfalme, amechukua kwake vitu vya thamani ya mithqali 600 na sasa ataka kumlipa 100 tu. Sultani hakumkamata msemaji wala hakuyaita maneno yake utovu wa adabu. Aliagiza mwangalizi yule aletwe, na alipofika baada ya siku kadhaa aliwapeleka wote wawili kwa kadhi. Kadhi akathibitisha haki ya mfanyabiashara, na sultani akamwondoa mtumishi wake kazini. Mtu wa jangwani, asiye na jeshi wala jamaa serikalini, alimshitaki mfalme mbele ya kadamnasi, akashinda. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa nguzo ya dola iliyo imara kuliko ngamia wote wa Mansa Musa waliopakiwa dhahabu, kwani habari zake bila shaka zilisafiri na misafara hadi Sijilmasa, na kila aliyezisikia akajua ya kuwa njia ya Mali inapitika.

Mwisho wa habari hiyo wajulikana. Dola ya Songhai iliirithi Mali, ikaitunza njia kwa muda, hasa chini ya Askia Muhammad aliyetawala kuanzia mwaka 1493 hadi 1528; kisha Sultani Ahmad al-Mansur wa Moroko, akiitamani chumvi ya Taghaza na dhahabu ya kusini, alituma jeshi lenye bunduki kulivuka jangwa, nalo likawashinda Songhai pale Tondibi mwaka 1591. Aliipata miji ya Gao na Timbuktu na akapelekewa mali kwa miaka kadhaa, ila machimbo ya dhahabu hakuyapata, amani ya njia ikavunjika, na biashara ambayo tangu awali ilikuwa imeanza kugeuka kuelekea kwenye merikebu za Ulaya katika pwani ya magharibi ikazidi kugeuka.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatupaswi kuitazama tarikhi hiyo kama ya majirani wa mbali. Ibn Battuta yule yule, miaka 21 kabla ya kufika Mali, alikuwa Kilwa, mwaka 1331, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, naye akataja habari za Sofala na za dhahabu iliyoletwa huko kutoka bara. Kisiwa cha Kilwa hakina chembe ya dhahabu ardhini mwake. Kilipata jumba la Husuni Kubwa na msikiti wake mkuu, na kikapiga sarafu zake chenyewe, kwa kuwa kilikaa mahali ambapo jahazi za pepo za kaskazi na kusi ziliweza kutia nanga, kupata maji na nafaka, na kukuta wafanyabiashara wenye ahadi. Na ugomvi wa nyumba ya kifalme ulipoidhoofisha ahadi hiyo, Wareno wa Francisco de Almeida waliukuta mji mwaka 1505 hauna wa kuutetea kwa dhati, wakauteka na kuupora.

Nasi tulikuwa na jangwa letu la bara, ijapokuwa si la mchanga mtupu. Msafara uliotoka Bagamoyo katika karne ya 19 kwenda Unyanyembe na Ujiji ulivuka, kabla ya kuingia Ugogo, nyika iliyoitwa Marenga Mkali, isiyo na maji ya kutumainiwa, na wapagazi waliivuka kwa ule mwendo wa alasiri waliouita tirikeza, wakilala porini pasipo maji ili waamkie mwendo mwingine, kila mmoja na kibuyu chake, mbele yao akiwa kirangozi aijuaye njia. Walipomaliza Ugogo palikuwa na Mgunda Mkali upande wa pili, msitu mkavu uliowaua wengi. Katikati ya kiu hizo mbili walikaa Wagogo, na kila mtemi wao alitoza hongo, ambayo wakati huo ilikuwa ni ushuru wa njia uliolipwa kwa nguo, shanga na waya. Richard Burton aliyepita mwaka 1857, na Henry Stanley aliyepita mwaka 1871, waliandika malalamiko mengi juu ya hongo hiyo, wakawaita watemi wanyang'anyi, na vitabu vingi vya baadaye vimeyarudia maneno yao pasipo kufikiri.

Natofautiana nao. Nchi ya Ugogo ina mvua haba, na ziwa la maji ya mvua ambalo kijiji kimelilimbikizia matumaini yake ya miezi ya kiangazi laweza kukaushwa na msafara wa watu mia kadhaa kwa siku chache tu. Nafaka yake ni ile iliyobaki baada ya njaa ya mwaka uliopita. Na ng'ombe wa mwenye nchi hunywa pale pale. Mtemi aliyedai nguo kwa maji hayo alikuwa akiuza kitu ambacho kwa watu wake kilikuwa kati ya kuishi na kufa, na kwa malipo hayo misafara ilipata pia mtama, asali, samli na mahali pa kulala. Kosa lilikuwapo, nami silifichi: watemi walikuwa wengi, kila mmoja na kiwango chake, kiwango hicho kikibadilika kwa hasira au kwa tamaa, na aliyeonewa hakuwa na kadhi wa kumwendea kutoka kwa mtemi huyu hadi kwa yule. Wagogo walikuwa na kisima na ushuru, wakakosa hukumu. Aidha njia ile haikupitisha pembe na nguo peke yake. Ilipitisha wanadamu waliofungwa minyororo, na hakuna ushuru wowote wa njia unaoweza kuhalalishwa na biashara ya namna hiyo.

Wako waliojaribu kujenga dola juu ya njia hiyo. Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, katika miaka ya 1870, aliuunganisha kwa nguvu ya ruga-ruga wake, yaani askari wake, msitu ule wa Mgunda Mkali, akaweka wasimamizi wake katika kila sehemu ili kukusanya pembe, na mpango wake ulikuwa mzuri hata alipofariki mwaka 1884 dola haikusambaratika papo hapo, bali binti yake Mgalula aliirithi. Mwaka huo huo alifariki Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji na kuwatia hofu wafanyabiashara wa Tabora, na dola yake haikumfuata mrithi yeyote kwa nguvu ile ile. Sitaki kulifanya jambo hilo kuwa hukumu ya mwisho, maana Wajerumani walikuwa njiani kuja na wangalizivunja zote mbili. Lakini tofauti baina ya aliyeweka wasimamizi na aliyetegemea upanga wake mwenyewe inastahili kusomeshwa katika shule zetu pamoja na Mali na Songhai.

Katika njia ya kaskazini, ile ya Pangani, wapagazi walipanda bonde la mto hadi Kilimanjaro na Meru kabla ya kuingia nchi za Wamaasai, na viongozi mashuhuri kama Jumbe Kimameta wa Pangani, aliyefuatana na Joseph Thomson mwaka 1883, waliipita zaidi ya mara moja. Hapa ndipo mlima wetu ulipokuwa na kazi yake. Waarusha, waliohamia katika miteremko ya Meru yapata miaka ya 1830 kutoka Arusha Chini, na Wameru waliowatangulia, walikuwa wakulima wa maji ya mlimani, nao waliwauzia nafaka na ndizi wafugaji wa nyikani na wapita njia, nyika ikiwalipa kwa mifugo, ngozi na magadi. Wakulima wa namna hiyo walikuwapo zamani zaidi: kule Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mifereji na matuta ya mawe ya watu walioishi baina ya karne ya 15 na ya 18 yameenea katika eneo lipatalo hekta 2,000, na watu hao waliolilisha jangwa kwa mikono yao hawakutuachia jina la mfalme hata mmoja.

Uhusiano wa mlima na nyika ulikatwa na ukoloni. Wajerumani waliyagawa mashamba ya chini kwa walowezi, Momela ikiwa mojawapo, mpaka mlima ukazungukwa na duara la ardhi ya wageni ambalo wenyeji hawakuweza kulivuka na ng'ombe wao kwenda kwenye malisho na magadi ya tambarare. Waingereza walizidisha: mwezi wa Novemba 1951 waliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, wakazichoma nyumba zao, ili nchi iwe ya wafugaji wa Kizungu. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, na watu wengi huikumbuka safari hiyo kama mwanzo wa madai ya uhuru wa Tanganyika. Mimi naikumbuka pia kama safari ya mtu aliyemtafuta kadhi nje ya nchi yake kwa kuwa ndani hakumpata.

Leo njia ya kutoka mlimani kwenda kaskazini ni ya lami, na kutoka Arusha hadi Namanga ni kiasi cha kilomita 110. Nyanya na vitunguu vya Ngarenanyuki, vinavyomwagiliwa kwa maji ya mlima, huipita kwenda Nairobi. Mahindi huipita, na ng'ombe, na mitumba. Tena makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, na mkataba wake ulitiwa saini hapa tarehe 30 Novemba 1999. Mtu angedhani ya kuwa hakuna mahali duniani ambapo mpita njia ana amani kuliko hapa. Lakini mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga, na mwaka huo huo ng'ombe wapatao 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho walipigwa mnada na serikali yetu. Na mwezi wa Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa barua ya siku moja, malori yakiwa yamekwisha kupakiwa, kisha ikaondoa zuio hilo baada ya siku chache kwa masharti mapya. Kila serikali ilitoa sababu zake, za maradhi ya ndege na za sumukuvu, na sababu hizo si za kudharauliwa, kwani afya ya raia ni dhima ya mtawala. Ninachokilaumu ni ughafula wake. Mfalme wa Ghana wa mwaka 1068 aliutangaza ushuru wake hata ukajulikana Andalusia. Mama aliyenunua magunia yake ya mahindi kwa mkopo hakujua asubuhi ya Machi ile kwamba jioni mpaka utakuwa umefungwa.

Na mama huyo akidhulumiwa, anaye kadhi? Anaye. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa mwaka 2001 na kukaa hapa hapa Arusha, humruhusu mtu yeyote mkaazi wa nchi mwanachama kuishitaki serikali kwa kitendo kinachokiuka mkataba, tena bila ya kulazimika kuzimaliza kwanza mahakama za nchi yake. Ni haki kubwa ambayo Abu Hafs wa Massufa angaliionea wivu. Lakini mkataba umeifungia haki hiyo katika muda wa miezi miwili tangu kitendo kitendeke au tangu mlalamikaji alipopata habari zake, na mchuuzi wa Namanga au mkulima wa Ngarenanyuki, ambaye katika miezi hiyo miwili anahangaika kulipa deni la magunia yaliyooza, hana wakili, hajui kesi huandikwa namna gani, na aghalabu hajapata kusikia ya kuwa mahakama hiyo ipo umbali wa saa mbili kutoka kwake.

Kwa hiyo nawaomba mawaziri wa Jumuiya, ambao hukutana Arusha mara kwa mara, watufanyie mambo yasiyohitaji dhahabu. Na iwe sheria ya Jumuiya kwamba hakuna zuio wala tozo mpya mpakani, ghairi ya dharura ya maradhi iliyothibitishwa na wataalamu wa pande zote mbili, itakayoanza kutumika kabla ya siku 30 tangu kutangazwa kwa Kiswahili sokoni na mpakani. Na ule muda wa miezi miwili urefushwe uwe mwaka mzima. Na majaji wa mahakama ile watoke katika jengo lao, wakae Namanga, Holili na Sirari angalau mara moja kwa mwaka, wawasikilize wachuuzi kwa lugha wanayoielewa. Nanyi wafanyabiashara wadogo wa Meru na Longido, mkidhulumiwa msinung'unike garini tu. Andikeni tarehe, tunzeni stakabadhi, unganeni watu kumi au ishirini, na mfike Arusha kabla ya miezi miwili kwisha.